Barua ya wazi kwa Meya na Baraza la Jiji la Nashville: watu wa saa tisa usiku

Kwa Mheshimiwa Meya Freddie O'Connell, Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Jiji la Nashville na Kaunti ya Davidson, na viongozi wa shirika la mabasi la WeGo,

Ninawaandikia kuhusu watu wanaofanya kazi usiku ili mji huu uendelee kuitwa mji wa muziki na starehe. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wa wale ninaowasemea, wanaoishi Antioch, kusini-mashariki mwa mji, na kandokando ya barabara ya Murfreesboro Pike, ndiyo lugha wanayosomea barua. Walitoka Kongo, na baadhi yao walikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kupokelewa Tennessee, nao wana haki ya kujua neno kwa neno yale yanayosemwa kwa niaba yao. Nakala ya Kiingereza nitaifikisha ofisini kwenu.

Ombi langu nalitaja mapema ili lisipotee katikati ya maelezo. Kila mnapopanga matumizi ya fedha zinazoletwa na wageni, na kila mnapompa mwenye hoteli nafuu ya kodi, watangulizeni wale ambao kwa kazi yao mgeni hulala pasafi, hula, husikiliza muziki na kutamani kurudi tena. Mwanzo wa jambo hilo uwe basi la usiku.

Saa tisa usiku ndiyo saa ambayo baa za Broadway, mtaa wa muziki wa katikati ya mji, hulazimika kuacha kuuza pombe. Anayeutazama mji saa hiyo kutoka barabarani huona sherehe ikifungwa: wageni wanatoka wakiimba, magari ya kuitwa kwa simu yanawasubiri, polisi wamesimama kwenye kona, taa za rangi bado zinawaka. Nyuma ya majengo hayohayo, kwenye vichochoro ambavyo mgeni hana sababu ya kuvipita, kazi ndiyo kwanza imepamba moto. Waosha vyombo wanamalizia masufuria ya mwisho. Mikeka ya mpira inayotandikwa nyuma ya kaunta inaburutwa nje na kupigwa maji, sakafu zinamwagiwa sabuni na maji ya moto kwa kuwa bia iliyokauka hunata, na mapipa yaliyojaa chupa yanasukumwa na watu wawili wawili kwa sababu ya uzito wake. Katika hoteli za karibu, ukumbi uliokuwa na karamu hadi usiku wa manane unatakiwa uwe na safu za viti vya mkutano kabla ya saa mbili asubuhi, hivyo meza za duara zinakunjwa, mazulia yanafyonzwa vumbi na jukwaa linahamishwa na watu ambao wenye mkutano hawatawaona kamwe. Ifikapo saa kumi alfajiri, wapishi wa kifungua kinywa wanapita mlango wa nyuma wakipishana na wale wanaotoka.

Kazi hii niliifanya kwa miaka kadhaa kabla mgongo haujakataa, na sasa jioni nyingi nawasaidia majirani kusoma barua za kazini na hati za mishahara. Kwa hiyo ninachowaeleza nakijua kwa mikono na kwa karatasi.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nashville imempata mgeni. Watu zaidi ya milioni 16 huja hapa kwa mwaka na kuacha zaidi ya dola bilioni 10. Walijaa barabarani Aprili 2019 wakati wa uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na huja kila Juni kwa tamasha la muziki wa country ambalo limekuwepo tangu 1972. Fedha hizo zinaonekana. Ukumbi wa mikutano wa Music City Center ulifunguliwa mwaka 2013, na ng'ambo ya mto Cumberland unajengwa uwanja mpya wa mpira ambao umma unauchangia dola bilioni 1.26: milioni 500 kutoka jimboni, na milioni 760 kwa hati za mkopo zitakazolipwa pamoja na mengine kwa asilimia moja iliyoongezwa kwenye kodi ya vyumba vya hoteli. Sipingi mji kujengwa. Ninachouliza ni mwenyeji gani amepona, kwa sababu yule anayetandika kitanda ambacho kodi hiyo inatozwa, mara nyingi hana namna ya kufika nyumbani zamu yake inapoisha.

Kutoka Broadway hadi Antioch ni karibu kilomita 20. Mtu anayetoka kazini saa tisa na nusu usiku ana njia chache. Anaweza kumlipa jirani mwenye gari anayekusanya abiria kwa fedha za mafuta, naye jirani huyo asipokuwa na zamu siku hiyo, safari haipo. Anaweza kuita teksi kwa simu katika saa ileile ambayo wageni wote wanaita, bei ikiwa imepanda, na kutoa ujira wa saa mbili kwa safari ya nusu saa. Anaweza kusubiri mapambazuko. Wanaosubiri ni wengi kuliko mnavyodhani. Wanakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa kupokelea mizigo kama msimamizi ni mtu wa huruma, au wanatembea polepole kuelekea kituo kikuu cha mabasi wakiwa wamevaa viatu vilivyolowa, ili wakutane na gari la kwanza. Wakati wa kiangazi ni uchovu tu, lakini Januari, barafu inaposhika lami, ni hatari kwa maisha yao. Mama mmoja aliniambia kwamba watoto wake hujifunga mlango wenyewe usiku na kujifungulia wenyewe asubuhi kwenda shule, na kinachomuuma si zamu yenyewe, ila zile saa mbili za mwisho ambazo hafanyi kazi, halipwi, wala hayuko nyumbani.

Mheshimiwa Meya, jambo hili wewe unalielewa kuliko watangulizi wako wengi, kwa kuwa uliwahi kuongoza bodi ya shirika la mabasi la mji huu. Mwaka 2018 wapiga kura waliukataa mpango mkubwa wa usafiri wa umma. Tarehe 5 Novemba 2024 ulikuja na mpango mwingine, na safari hii takriban thuluthi mbili waliukubali: nusu senti kwa kila dola ya manunuzi, kwa ajili ya njia za waenda kwa miguu, taa bora za barabarani, mabasi ya mara kwa mara, na huduma ya basi kwa saa 24 katika siku zote za mwaka. Tangu Februari 2025 nusu senti hiyo inakatwa, na kodi ya mauzo hapa imefika asilimia 9.75. Tennessee haitozi kodi kwenye mshahara, hivyo mzigo mkubwa wa serikali hubebwa dukani, na dukani maskini na tajiri hulipa kiwango kimoja. Mwosha vyombo anaponunua unga, mafuta ya kupikia na sabuni, analilipia basi la saa 24 kama mtu mwingine yeyote, na kwa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake.

Najua kwamba huduma ya namna hiyo haiwezi kuwashwa kwa siku moja. Madereva wanatakiwa waajiriwe na kufundishwa, magari yanunuliwe, na karakana ziwe na mafundi wa usiku. Lakini katika mpango unaotekelezwa kwa awamu, cha kwanza ndicho kinachoonyesha nani aliyekumbukwa. Naomba huduma ya usiku ipangwe kwa kufuata saa za zamu, na ianze na barabara ambako wafanya zamu wanaishi: Murfreesboro Pike, Nolensville Pike, Gallatin Pike na Dickerson Pike. Ratiba ya saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri iandikwe baada ya kuziuliza hoteli, hospitali, viwanja na jikoni za katikati ya mji zamu zao huisha saa ngapi. Basi linaloondoka saa tisa kamili halimfai mtu anayegonga kadi ya kutoka saa tisa na nusu, na likimkosa kwa dakika kumi, kisha lifuatalo likawa saa nzima baadaye, atarudi kwa jirani mwenye gari.

Lipo jambo jingine linalofanya basi kuwa kubwa kuliko unafuu wa nauli. Mei 2025 maofisa wa uhamiaji, wakishirikiana na askari wa barabarani wa jimbo, walisimamisha magari usiku katika mitaa ya kusini mwa mji, na karibu watu 200 wakakamatwa. Tangu hapo hata watu wenye hati kamili za ukimbizi au ukazi huogopa kuendesha gari baada ya saa nne usiku, na waliokuwa wakiwabeba wenzao wameacha. Jikoni moja ninayoijua ilipunguza watu wa zamu ya usiku, na waliobaki wakagawana kazi ya waliokosekana kwa ujira uleule. Hofu hiyo haikuletwa na Baraza lenu. Lakini basi lenye taa, dereva na ratiba inayojulikana ni kitu ambacho Baraza lenu linaweza kukitoa.

Sasa naomba mnivumilie nieleze kazi ya vyumba, kwa sababu wanawake wengi wa jamii yetu wako huko, na kwa sababu ni kazi ambayo ikifanywa vizuri haiachi alama yoyote ya kuwapo kwa aliyeifanya.

Katika hoteli nyingi mfanya vyumba hupewa vyumba 14 hadi 16 kwa zamu ya saa nane. Hiyo ni nusu saa kwa chumba, ukiondoa chakula na muda wa kwenda kuchukua mashuka. Ndani ya nusu saa hiyo anavua vitanda viwili, anainua kila kona ya godoro ili shuka likae bila mkunjo, anabadili foronya, anapiga magoti kusugua bafu, anatoa nywele kwenye tundu la maji, anafuta vioo, anajaza sabuni na kahawa, anafyonza zulia. Kisha msimamizi anapita na karatasi yake. Mgeni wa kawaida, aliyelala usiku mmoja akaenda mkutanoni, chumba chake kinawezekana kwa nusu saa. Lakini Nashville imejitangaza duniani kuwa mahali pa sherehe za kumuaga bibi harusi mtarajiwa. Chumba walimolala wasichana sita kwa usiku tatu, wenye vipodozi vya kumetameta, mapambo ya karatasi, mvinyo mwekundu na keki, hakifanyiki kwa nusu saa. Vile vichembe vya kumetameta huingia kwenye nyuzi za zulia na havitoki kwa mashine, bali huokotwa kwa kanda ya kunata, mfanyakazi akiwa amepiga magoti. Tangu janga la korona, hoteli nyingi ziliacha kusafisha kila siku na husubiri mgeni aondoke, hivyo uchafu wa siku tatu au nne unakutwa kwa pamoja, na idadi ya vyumba kwenye karatasi haikupunguzwa.

Niliwahi kumsomea dada mmoja barua ya onyo aliyopewa kwa kuchelewa vyumba vitatu siku ya Jumapili. Jumapili ndiyo siku ambayo sherehe zote za mwisho wa juma huondoka kwa wakati mmoja, na wageni wapya wanatakiwa kuingia saa tisa mchana. Barua ilisema kwamba hakuzingatia viwango. Nilipomtafsiria alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna mahali kwenye barua hiyo palipoandikwa vile vyumba vilikuwa katika hali gani. Hapakuwapo.

Tena wengi wa watu hawa hawaajiriwi na hoteli ambayo jina lake limeshonwa kwenye sare zao. Wanaajiriwa na wakala, naye wakala ana mkataba na hoteli, na pengine kuna wakala mwingine katikati. Mtu akiumia mkono anaambiwa na hoteli aende kwa wakala, na wakala anamwambia aongee na hoteli. Hati za mishahara ninazosoma huwa na makato ambayo mwenye hati hakuelezwa: sare, usafiri wa gari la wakala, ada ya kadi ya malipo. Saa za ziada hupotea kwa urahisi mtu anapofanya kazi majengo mawili ya wakala mmoja, kwa kuwa kila jengo linahesabu saa zake peke yake. Siwashutumu wote. Wapo mawakala waaminifu, na wapo mameneja wa hoteli waliowahi kupigania watu wao mbele ya wakubwa zao. Ila mfumo wenyewe umepangwa kwa namna ambayo anayefaidika na kazi hana haja ya kumjua anayeifanya.

Na wale walio mbele ya pazia wasidhaniwe kwamba wako salama. Vijana wanaopiga muziki Broadway kuanzia saa nne asubuhi hadi usiku wa manane hupokezana kwa zamu za takriban saa nne, bendi moja ikishuka nyingine ikipanda, na sehemu kubwa ya kipato chao ni bakshishi inayotiwa kwenye ndoo inayopitishwa kati ya meza. Wanabeba vyombo vyao wenyewe kutoka maegesho ya mbali kwa sababu karibu hawawezi kulipia. Sheria ya nchi inaruhusu mhudumu anayepata bakshishi alipwe dola 2.13 kwa saa na mwajiri, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ilimradi bakshishi ifidie hadi kima cha chini cha dola 7.25, nacho kimesimama palepale tangu 2009. Tennessee haina kima chake yenyewe.

Mji huu una historia ambayo ingepaswa kuufanya uwe mwepesi wa kuliona jambo hili. DeFord Bailey, mtoto wa Tennessee aliyepiga kinanda cha mdomo kwa namna ambayo treni ilisikika ikipita chumbani, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa kipindi cha redio kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry. Alisafiri na wenzake kutumbuiza miji ya Kusini, na hoteli zilimkatalia chumba kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1941 aliondolewa kwenye kipindi, na akaendelea kujitafutia riziki kwa kupiga watu viatu rangi hapahapa Nashville. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa country mwaka 2005, miaka 23 baada ya kufa kwake. Heshima hiyo ilikuwa ya haki, na ingekuwa ya haki zaidi kama angepewa akiwa hai.

Wapo pia wanaojenga hoteli zenyewe. Juni 2018 kijana wa miaka 16 alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi katika ujenzi wa hoteli jijini hapa, akafariki. Umri wake ulikuwa chini ya ule unaoruhusiwa kwa kazi ya namna hiyo. Nimelitaja kwa ufupi kwa sababu familia yake haihitaji mtu mwingine wa kulieleza kwa urefu, lakini sikuweza kuandika barua ya namna hii nikaliacha.

Najua jibu ambalo mtanipa kuhusu mishahara, na sehemu yake ni kweli. Sheria ya jimbo inazuia miji kupanga kima cha mshahara kwa waajiri binafsi, na imewazuia hata kuwawekea sharti hilo wale mnaoingia nao mikataba. Agosti 2015 wananchi wa Nashville walipiga kura kutaka sehemu ya saa za kazi katika miradi ya Jiji iende kwa wakazi, na mwaka uliofuata Bunge la jimbo likaifuta kura hiyo. Sitawaomba mvunje sheria. Nawakumbusha tu kwamba tarehe 19 Aprili 1960, baada ya nyumba ya wakili Z. Alexander Looby kulipuliwa kwa bomu, maelfu ya watu waliandamana kimya hadi kwenye ngazi za jengo ambamo Baraza lenu linaketi hadi leo, na Diane Nash, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Fisk, akamuuliza Meya Ben West kama anaona ni haki mtu anyimwe huduma kwenye kaunta za chakula za katikati ya mji kwa rangi ya ngozi yake. Meya West hakuwa na mamlaka ya kuwaamuru wenye maduka. Alijibu kwamba si haki. Majuma matatu baadaye kaunta zilianza kuwahudumia watu weusi. Kuna nguvu katika cheo chenu ambayo haikuandikwa kwenye sheria za jimbo na haiwezi kufutwa nazo.

Zaidi ya hayo, mna mamlaka halisi pale mnapotoa fedha au mnapomiliki. Mwaka 2016 Baraza lilikubali kuipunguzia kodi hoteli kubwa ya mji huu ili ijengewe bustani ya michezo ya maji kwa ajili ya wageni wake. Maombi ya namna hiyo yataendelea kuja. Mwekezaji anapokuja kuomba nafuu, mna haki ya kumuuliza maswali kabla ya kumjibu: ni watu wangapi watafanya kazi ndani ya jengo lako kupitia mawakala, na mawakala hao ni akina nani, watu wa zamu ya usiku watafikaje kazini na kurudije, mfanya vyumba atapangiwa vyumba vingapi, na nani aliyepima muda huo, umeweka kengele ya dharura kwa mwanamke anayeingia peke yake katika chumba cha mtu asiyemjua? Majibu yaandikwe, yatangazwe, na yaangaliwe tena baada ya mwaka mmoja. Wanasheria wenu watajua namna ya kuyaweka maswali hayo ili yasigongane na jimbo. Anayeona haya kuyajibu hadharani amekwisha kuwapa jibu. Na katika majengo ambayo ni mali ya umma, yaani ukumbi wa mikutano na viwanja vya michezo, msisubiri ombi la mtu. Nyinyi ndio wenye nyumba, na mnaweza kuanza kuuliza kesho asubuhi.

Kuhusu mabasi, naomba shirika la WeGo litangaze ratiba ya kuanza kwa huduma ya usiku kwa kila barabara niliyoitaja, kwa mwezi na mwaka, na litoe tangazo hilo kwa Kiswahili, Kihispania, Kikurdi na Kiarabu pamoja na Kiingereza, kwenye vituo vyenyewe na siyo kwenye tovuti peke yake. Naomba vituo vya Murfreesboro Pike viwekewe taa na njia ya kuvukia barabara, kwa kuwa mtu anayeshuka saa kumi alfajiri akiwa amevaa sare nyeusi ya jikoni haonekani na dereva anayetoka upande wa pili. Naomba pia hoteli zinazofaidika na utangazaji unaolipiwa kwa kodi ya wageni zichangie tiketi za mwezi kwa wafanyakazi wote wanaoingia mlango wao wa nyuma, wa hoteli na wa wakala bila kubagua.

Ombi la mwisho linahusu namna ya kusikilizwa. Baraza lenu hukutana Jumanne ya kwanza na ya tatu ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa mwalimu au karani, hiyo ni saa nzuri. Kwa mwosha vyombo, mpishi, mpanga ukumbi na mhudumu wa baa, ni saa ambayo kazi imeshika kasi, na kuomba ruhusa jioni hiyo ni kupoteza ujira wa zamu nzima, au zamu yenyewe. Ndiyo maana hamjawahi kuwaona wakijipanga foleni kwenye kipaza sauti chenu. Naomba kamati inayohusika iitishe kikao kimoja cha kusikiliza huku Antioch, katikati ya juma, saa nne asubuhi, wakati watu wa usiku wamekwisha kulala kidogo na watu wa mchana hawajaitwa. Wakalimani mnao tayari. Wengi wao wanafanya kazi hiyo katika shule za Jiji. Tarehe itangazwe angalau majuma matatu kabla, kwa sababu katika hoteli nyingi karatasi ya zamu hubandikwa majuma mawili mbele, na ikishabandikwa, mtu hawezi tena kuomba siku.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Antioch, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa zamu ya usiku